Waya Mmoja wa Uongo

3 Machi

Mdogo wangu,

Haya, umeshinda. Wiki tatu nakupigia simu, hupokei. Namtuma mama mdogo akubembeleze, unamjibu kwamba nikitaka kuongea nawe niandike kwa mkono na kuweka saini, kwa sababu eti kwenye simu nina ndimi mbili. Mtu mzima nimekaa na kalamu kama mtoto wa darasa la nne. Vidole vinauma. Furahi.

Sasa sikiliza. Dereva wa lori atakayekupa barua hii amebeba gari moja jeusi. Ukiliona utasahau njaa. Viti vya ngozi, spika kumi na nne, mlango ukiusogeza tu unajifunga wenyewe taratibu. Limetumika, ndiyo, lakini na watu wanaojua kutumia. Tatizo lake ni dogo, liliingia maji kidogo. Huko lilikotoka mtu alisahau kufunga kioo cha paa, mvua ikanyesha, kapeti likalowa. Mimi mara moja nilitoa betri, kama mzee alivyotufundisha: maji yakiingia, betri kwanza, maswali baadaye. Nikalianika siku tano. Sasa linawaka na linatembea, ila dashibodi imejaa taa kama duka la simu. Vioo vinashuka vyenyewe. Honi inalia ikijisikia.

Mteja analisubiri. Ni mtu wa maana, akiridhika ataleta wengine. Nakupa hadi tarehe 25. Zima hizo taa, kausha linalokaushika, gari lirudi likiwa kimya. Hakuna fundi wa umeme ninayemwamini ila wewe, na hapa sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tangu mzee atutoke mwaka juzi, nafarijika nikijua kuna mtu pale gereji anayeshika spana zake. Sijawahi kukuambia, basi leo umelazimisha niandike.

Kaka yako,
Tai

(Ndiyo, nimesaini kwa jina hilo. Nilivaa tai ile moja tangu darasa la saba hadi ikakatika, mkanicheka. Leo nina kumi na mbili.)


7 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hiyo ni haki yako. Yanayofuata ni haki yangu.

Gari limefika jana. Ni zuri, sikatai. Nililizunguka mara mbili mikono ikiwa mgongoni, kama mzee alivyokuwa akifanya kabla hajagusa chochote. Kisha nikakaa kiti cha dereva, nikavuta mkanda. Sikuuvuta kama mtu anayetaka kuufunga. Niliuvuta hadi mwisho, mpaka ukagoma. Wewe uliosha kapeti, ukaosha viti, ukapulizia manukato ambayo yameniumiza kichwa tangu asubuhi, lakini ule urefu wa mkanda unaolala ndani ya nguzo ya mlango hukuukumbuka. Wauza magari wote hamuukumbuki. Pale kuna tope, kaka, na limeacha mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Mvua ya kwenye paa haiji na tope.

Nikang'oa viti, nikainua kapeti. Kwenye magari tuliyokulia, chini ya kapeti kulikuwa na bati na kutu, basi. Humu kuna visanduku vya kompyuta: cha milango na vioo, cha viti, cha redio, na katikati, chini ya gia, kile kinachoamuru mifuko ya hewa ifumuke gari likigonga. Aliyebuni gari hili aliamini kwamba matajiri hawakanyagi maji. Nimefungua kimoja kimoja. Cha viti kimepona. Cha milango kina ukungu wa kijani kwenye miguu ya soketi. Nitakisugua kwa mswaki na spiriti, nilehemu upya nyaya saba zilizolika, na kitafanya kazi. Cha redio nitakitafuta kwenye magari ya skrepa. Cha mifuko ya hewa kimekufa. Nilipokifungua kilinimwagia maji mapajani.

Na nikuambie kilichokiua. Ulitoa betri, sawa. Gari hili lina betri mbili. Ya pili iko ndani ya buti, chini ya tairi la akiba, na haijaguswa tangu ilipofungwa. Siku zote tano ulizolianika, umeme ulikuwa unapita ndani ya tope, na umeme ukipita kwenye tope hula shaba kama mchwa. Kwa hilo sikulaumu. Mzee hakuwahi kulishika gari la betri mbili. Alitufundisha alichokijua, nawe ukafuata. Hilo ni kosa la ukoo wetu, mwingine asingelifanya, angeita fundi.

Ila kuna jambo lilinijia nikiwa nimelala chini ya dashibodi. Kama gari lililowa huko lilikotoka, kisha likakaa melini wiki sita, wewe ulikimbilia kutoa betri ya nini? Mtu hukimbilia betri maji yakiwa bado yamo. Ulikuwepo, kaka. Lilizama mikononi mwako.

Jambo la mwisho. Kwenye droo ya dashibodi kuna hati ya mauzo, nadhani uliiacha ili dereva wa lori awe na karatasi njiani. Ina saini yako, na ya mama mmoja mwenye magari ya kukodisha kwa harusi, tarehe 25 Februari. Kwa hiyo gari hili si lako tena. Ulikuwa unakumbuka?

Nijibu kwa mkono.

Mdogo wako,
Fundi


10 Machi

Mdogo wangu,

Ungekuwa polisi ungefika mbali.

Haya. Yadi ilijaa maji. Mlinzi aliniambia Ijumaa kwamba mfereji wa nyuma umeziba, nikamwambia tutauzibua Jumatatu. Mvua ikaja Jumapili. Magari mengine yalikuwa juu kwenye mwinuko. Hili nililiweka chini, kwenye uzio wa mbele, ili wapita njia walitamani. Likaoga hadi kwenye viti. Nilifika maji yakiwa magotini, nikafungua boneti, nikatoa betri kwa mikono mitupu, nikajiona mwanamume. Sasa hilo la betri ya pili umeshaliandika mara moja, tafadhali lisijirudie.

Yule mama aliliona kabla ya maji, likiwa zima. Alipokuja kusaini nilimwambia liko kwa ukaguzi. Sikumdanganya. Si lilikuwa linakuja kwako?

Tuongee kama watu wazima. Kisanduku kipya ni cha kuagiza, miezi mitatu. Msimu wa harusi unaanza mwezi ujao. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba ile taa ya mifuko ya hewa haijui kilichomo ndani ya kisanduku. Unachukua waya wake, unaufunga kwenye waya wa taa ya oili. Ukiwasha ufunguo zinawaka pamoja, injini ikinguruma zinazima pamoja. Mteja anaona taa imewaka na kuzima kama inavyotakiwa, moyo wake unatulia. Waya mmoja, nusu saa. Mafundi wote wa huku wanafanya na hakuna anayekosa usingizi.

Isitoshe, gari la harusi linatembea mwendo wa kobe, limefungwa maua. Litagonga nini, keki?

Sipendi kusema hili, ila unanifikisha. Hati ya kiwanja cha gereji ina jina langu. Sijawahi kukudai hata asante. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Tai


12 Machi

Shikamoo kaka.

Guu langu ni zima. Asubuhi nimelitumia kupanda juu ya benchi ili nifute vumbi kwenye ubao wa mzee wa kanuni za gereji. Nilitaka kuusoma vizuri kabla sijakujibu, nisije nikakutukana bure. Nimeusoma: hakuna kazi bila karatasi. Sasa nakukatalia kwa utulivu.

Umeuliza litagonga nini. Gari la harusi likishawashusha maharusi ukumbini linarudi tupu, na dereva anakimbiza kwa sababu kuna harusi nyingine saa tisa. Hapo ndipo litakapogonga. Na kisanduku kilichooza si kwamba kitanyamaza tu siku ya kugonga. Kinaweza kuchanganyikiwa kikafumua mfuko gari likiwa linatembea salama, dereva ameshika usukani, hajui hili wala lile. Ule mfuko unatoka kwa nguvu ya kuvunja pua. Ile taa ya dashibodi ndiyo mdomo pekee ambao gari limepewa wa kusema "mimi ni mgonjwa". Unataka niuzibe, kisha nipokee shukrani.

Kazi nyingine zinaendelea. Milango inasikia. Vioo vimeacha kushuka vyenyewe. Honi ilikuwa na maji kwenye swichi ya usukani, nimeikausha, ingawa majirani wanasema wameanza kuikosa. Fungu la nyaya chini ya kiti cha kushoto nimelikata sentimita arobaini na kulisuka upya, rangi kwa rangi, nusu ya siku nimepiga magoti. Nayapenda haya, kaka, siwezi kukuficha. Unapima waya kwa mita, umekufa; unaukata mbele kidogo, umekufa; unakata tena, sauti ya mita inalia, na unajua hapo uzima unaanza. Ndiyo maana sitaki kuchafua kazi yote hii kwa waya mmoja wa uongo.

Lakini wewe ni mkubwa, na mkubwa hanyimwi nafasi. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ya kazi kutoka kwenye kitabu cha mzee, na nakala zake zote. Andika agizo lako kwa mkono: taa ya mifuko ya hewa ifungwe kwenye taa ya oili, kisanduku kibovu kibaki kilivyo. Weka saini. Nakala nyeupe itakwenda kwa mwenye gari, ya njano itabaki hapa, ya waridi itarudi kwako uliyeagiza. Unazijua, umezichana miaka sita kabla hujaanza kuuza magari. Bila karatasi hatuna hata cha kuzungumza.

Kama ni kazi isiyo na ubaya, saini yake ni sekunde mbili.

Mdogo wako,
Fundi


15 Machi

Haya, saini hiyo. Agizo limeandikwa kama ulivyotaka, herufi kubwa ili usiseme hukuona. Zigawe nakala zako unavyopenda. Mwenye gari ni mimi mpaka funguo zitoke mkononi mwangu, na hiyo nyeupe nitafungia maandazi.

Tarehe 25 gari liwe kwenye lori. Lisipokuwa, kuanzia tarehe 1 Aprili kiwanja nakipangisha kwa waosha magari. Wameshakuja kukipima. Wana adabu, na wananiita mheshimiwa.

Tai


17 Machi

Mama,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na gari lako jeusi limo kwenye gereji yangu tangu tarehe 6. Aliyekuuzia ni kaka yangu wa tumbo moja. Nalisema mapema usije ukalisikia kwa mwingine ukadhani nilikuficha.

Nakutumia nakala nyeupe ya karatasi ya kazi. Hati ya mauzo inasema gari ni lako tangu Februari, na kwetu nakala nyeupe ni ya mwenye gari. Utaona saini ya aliyeagiza. Nafasi ya mwenye gari iko wazi.

Kwa lugha nyepesi ni hivi. Baada ya wewe kulichagua, gari lilizama kwenye maji ya mvua yadini, hadi usawa wa viti. Mengi nimeshayatengeneza na nasimama nayo. Lakini kisanduku cha mifuko ya hewa kimeoza. Agizo ulilonalo mkononi linataka kile kibovu kiachwe, kisha taa yake ifungwe mahali pengine ili iwake na kuzima kwa kuigiza. Ukikaa kwenye gari hutagundua. Fundi wa kawaida naye hatagundua.

Ukiweka saini nitakurudishia gari ulipeleke kwa mtu mwingine, maana mimi huo waya sitaufunga hata kwa saini tatu. Usipoweka, niambie unataka nini. Gari ni lako.

Huenda barua hii ikanikosesha kazi. Sikuandikii ili unionee huruma, nakuandikia kwa sababu ni zamu yako kujua.

Wako,
Fundi, binti wa marehemu mwenye gereji


20 Machi

Fundi,

Marahaba. Barua yako imenikuta nakunja riboni. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Nianze na ubaya wangu. Nilipofika nusu nilidhani unanitega. Miaka kumi na moja nabeba maharusi, na kila fundi niliyekutana naye huniambia gari nililonunua ni bovu, halafu hana bahati, ana shemeji anayeuza lililo zima. Nikasema huyu naye ana shemeji yake, ngoja nimsubiri ukurasa wa pili. Nikageuza karatasi, hakuna shemeji. Kuna kaka, tena umemchongea kwa mwandiko wako mwenyewe. Nikarudi mwanzo nikasoma upya.

Halafu nikafika pale uliposaini. Hilo neno "marehemu" nimelisoma mara tatu, kisha nikauliza watu wanaowajua, wakaniambia ni tangu mwaka juzi.

Mwanangu, tarehe 25 Februari nilikaa ofisini kwa kaka yako, nikamuuliza gari liko wapi. Akaniambia liko kwa baba yake, mzee analikagua kwa mkono wake. Nilimjua baba yenu kwa kazi. Gari langu la kwanza, lile la mume wangu, lilipita kwake mara mbili na halikuwahi kutuangusha barabarani. Nilisaini kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya spika kumi na nne. Nikamtumia mzee salamu. Baada ya siku mbili kaka yako akanipigia, akasema salamu zimefika na mzee amefurahi.

Sijui niseme nini hapo. Poleni na msiba, ingawa nimechelewa kwa miaka miwili na kosa si langu.

Sasa la gari. Watu hudhani nina madereva. Sina. Mume wangu alipofariki nilishika usukani mwenyewe, na hadi leo mbele nakaa mimi na kofia yangu. Kwa hiyo huo mfuko uliooza, kifua unachokitazama ni hiki changu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aficha mwingine, aumbuke mwingine.

Sisaini. Na gari silirudishi, nimelipenda, na mimi nikipenda kitu ni mbishi. Nijibu swali moja: linaweza kuwa zima? Sikuulizi kama linaweza kuwa kimya. Nakuja Alhamisi kulisikia jibu. Nitakuja na kiti changu cha kukunja, kwa hiyo usihangaike kutafuta pa kunikalisha.

Mama Maharusi


22 Machi

Kaka,

Leo sikuamkii.

Yule mama ameniandikia. Ndiyo, nakala nyeupe nilimpelekea yeye. Nilikuandikia wazi kwamba ni ya mwenye gari, na kabla ya hapo nilikuuliza kama unakumbuka gari ni la nani. Hukusoma kwa sababu ulikuwa unatafuta mahali pa kusaini. Kwa hilo kasirika utakavyo, mimi nala chakula changu.

Siandiki kwa ajili ya hilo. Naandika kwa sababu umemfufua mzee.

Umemkalisha hapa gereji na kumpa gari la kukagua. Umempa salamu akazipokea. Umemwambia mteja amefurahi. Mimi ndiye niliyemsaidia kuinuka kitandani miezi minne ya mwisho. Nilimlisha kwa kijiko. Wewe ulikuja mara mbili, nikawaambia watu una kazi nyingi, na nilikutetea mbele ya mama mdogo hadi tukanuniana. Mzee alipokata kauli, nilikuwekea mkono begani kwa sababu ulikuwa unalia kuliko mimi. Na huyo huyo uliyemlilia umemtoa kaburini aje akusainie gari la tope.

Nina hasira, kaka. Natafuta neno la heshima la kuiita, silipati. Kwa kisanduku ningekusamehe, hata kwa kiwanja. Mtu akibanwa hufanya ujinga. Lakini mzee alikuwa na kitu kimoja tu cha kutuachia, watu wakisikia gari limepita kwake waendeshe bila wasiwasi, na wewe umekitumia mara moja kama kiberiti.

Kiwanja ni chako, wape waosha magari. Nimeanza kufungasha. Spana ni zangu, alinipa mbele yako ukiwa umekaa kwenye ndoo. Mashine ya kupima nimeinunua mimi. Tarehe 31 funguo utazikuta kwa mama mdogo.

Gari halipandi lori. Mwenyewe anakuja Alhamisi.

Fundi


24 Machi

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nne na kuzichana zote. Hii ya tano nitaituma hata ikiwa mbaya.

Sina cha kukanusha. Nilisema. Yule mama alikuwa ameshika kalamu, anasita, akaniuliza: nani amelipitia? Ningesema "mdogo wangu wa kike", ningeona macho yake yanavyobadilika, nawajua wateja. Ningesema "mimi", angecheka. Basi mdomo ukamtaja mzee kabla sijauzuia. Na unajua nini, alisaini palepale, hata hakumaliza kusoma. Mimi nikisema jambo, watu wanauliza bei. Mzee akitajwa, wananyoosha mkono. Miaka minane niko hapa na tai zangu kumi na mbili, bado wanauliza bei.

Zile salamu nilizipeleka, ikiwa hilo lina maana yoyote. Nilikaa ndani ya gari nikazisema kwa sauti. Najua ni upuuzi.

Nisikilize sasa. Waosha magari naweza kuwaambia wasubiri. Gereji ibaki yako, hata hati naweza kuweka majina mawili. Ninachoomba ni kitu kimoja. Yule mama akija Alhamisi, mwambie ulichanganya. Mwambie mzee alikagua kabla hajafariki na tarehe zimekosewa, au umeandika ukiwa na hasira za kifamilia. Sema lolote. Mji huu ni mdogo kuliko unavyoonekana. Akisimulia kwenye harusi mbili tu, yadi yangu imefungwa, na mimi nina watoto.

Uliniambia niandike kwa mkono na kusaini. Nimesaini yote. Umewahi kupata barua ya kweli kuliko hii kutoka kwangu?

Kaka yako


19 Aprili

Shikamoo kaka.

Hapana, sijawahi kupata. Ni ya kweli, na imeniliza. Kisha ukafika mwishoni ukaniomba nidanganye, basi machozi yakakauka yenyewe.

Samahani nimechelewa. Mama mdogo atakuwa amekupa funguo.

Mama Maharusi alikuja Alhamisi ile saa mbili asubuhi, akafungua kiti chake katikati ya gereji, akakaa hadi saa kumi akiangalia kila nilichoshika. Nilimwonyesha tope la kwenye mkanda. Nilimwonyesha kisanduku. Akakinusa, akanirudishia. Kuhusu mzee hakuuliza chochote. Mimi ndiye niliyemwambia, nilipokuwa nimempa mgongo, kwamba alifariki mwaka juzi na hajawahi kuliona gari hilo. Akasema, "Najua, mwanangu. Endelea na kazi." Hapo nikamjibu swali lake: ndiyo, linaweza kuwa zima, lakini si kwa tarehe ya mtu.

Kwa hiyo niko kwake. Nyuma ya nyumba yake ana banda la magari matatu, amenipa nafasi moja na mlango unaofunguka barabarani. Nilipitia yadi za skrepa tano, nikapata ndugu wa gari letu. Aligongwa nyuma akiwa amesimama, mifuko yake haikuwahi kufumuka, na hajawahi kuona maji. Nilijua kwa kuvuta mkanda. Kisanduku chake kililigomea gari letu siku mbili, hakikulitambua, hadi nilipokifundisha namba zake kwa mashine. Nikafunga nyaya, nikawasha ufunguo. Taa ikawaka. Nikahesabu sita. Ikazima yenyewe, bila mtu kuishika mkono. Nilikaa pale nikalia kama mjinga, na Mama Maharusi akasimama mlangoni akijifanya anatafuta ufagio.

Jumamosi amebeba maharusi wa kwanza. Mimi nilikaa naye mbele, kwenye kiti cha abiria, tukirudi. Alikimbiza.

Huku wateja waliniuliza, nani fundi? Mama Maharusi akawaambia, huyu. Wengine macho yalibadilika, ulisema kweli, unawajua. Wawili wakageuza magari wakaondoka. Wa tatu alibaki, na sasa nina foleni ya magari manne. Mlangoni nimeandika "Fundi Umeme" na namba yangu ya simu. Jina la mzee sikuliandika. Alilitengeneza kwa kazi zake mwenyewe miaka thelathini na minane, nami nitalitengeneza langu. Wewe pia una mikono, kaka. Ulikuwa mzuri kwenye breki kuliko mimi.

Gereji sirudi, hata kwa majina mawili kwenye hati. Waosha magari wakae kwa amani. Simu yako nitapokea kuanzia leo, na watoto waje likizo kama kawaida, wasiambiwe lolote.

Yule mama amesema hatasimulia. Mimi sikumwomba, na wewe usidhani nimekulinda. Ukipata tena gari la maji, niletee nilitengeneze. Ukipata mteja anayesita, mwache asite. Lakini ukimtaja tena mzee kwa mteja ili akusaidie kuuza, nitasikia, kwa sababu mji ni mdogo kama ulivyosema. Nitakuja mchana, wakati yadi imejaa watu. Sitapiga kelele. Nitamwamkia mteja wako, nitamwambia mzee alikufa siku gani na nilimzika na nani, kisha nitakuomba wewe umwambie kama nasema uongo.

Bado mdogo wako,
Fundi